Marehemu Hakufanya Remise-Reprise

Ubao ulio mbele ya meza ya Mama Dorcelle, pale Katuba, Lubumbashi, zamani ulikuwa ubao wa wachezaji wa akiba wa timu ya mpira ya Tujikaze. Comité ya timu iliponunua viti vya plastiki, ubao ulitupwa nyuma ya goli. Mama Dorcelle akaubeba, akaupigilia msumari mguu mmoja, akauweka mbele ya thermos zake tatu za kahawa na beseni lake la bitumbula, maandazi ya kule. Tangu siku hiyo kila anayeukalia anageuka kocha. Wamekaa pale walevi, wachungaji wawili na polisi mmoja wa barabarani, na wote waliondoka wanajua nani apangwe wapi. Wenye ubao hasa, lakini, ni watatu. Mzee Antoine, karani mstaafu wa ofisi ya commune, anaitwa Procès-Verbal kwa sababu hata akipiga chafya ungedhani anasubiri muhuri. Onésime, mtu wa Butembo mwenye malori mawili yanayokwenda na moja linalosimama, anaitwa Tonnage. Na Bénit, fundi wa simu, kijana wa watatu hao, anaitwa VAR, kwa kuwa hajawahi kukubali jambo lolote mara ya kwanza.

Siku hiyo ilikuwa siku ya posho, ndivyo Jumamosi inavyoitwa kule, na saa nane ilikuwa imepita, mazoezi yamekwisha. Wa nne kwenye ubao alikuwa Ruphin, na Ruphin hakuwa akizungumza.

Mwezi mmoja kabla, Coach Laurent alikuwa amekufa, si kwa ajali wala kwa ugonjwa mrefu, bali kwa moyo tu, akiwa amekaa kitandani anavua viatu. Alikuwa ameifundisha Tujikaze miaka ishirini na miwili, na katika mitano ya mwisho aliwapa ubingwa wa mji mara nne. Wiki moja baada ya maziko, Coach Jérémie, mwenzake wa tangu mwanzo, alifunga sanduku akaenda kwa binti yake Likasi. Alisema hawezi kusimama peke yake kwenye mstari waliosimama wawili. Simu yake tangu hapo inajibu yenyewe, kwa Kifaransa safi, kwamba mtu huyo hapatikani. Akabaki Ruphin, aliyekuwa kocha wa makipa, mtu wa kupiga mipira na kukusanya koni. Comité ikamwandikia barua ya kumteua "kwa muda usiozidi muda utakaohitajika."

Mechi tatu tangu hapo, tatu zimepotea. Ya kesho, na Dynamic ya Naviundu, ikipotea pia, Tujikaze haitaingia hatua ya mwisho kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Ruphin alikuwa ameshapanga kikosi. Jina la Merdi, kapteni, halikuwemo. Goti la Merdi lilikuwa limechoka, na kila mtu aliliona isipokuwa mwenyewe. Kumtoa kulikuwa haki. Tatizo lilikuwa kumwambia. Jumapili tatu zilizopita Ruphin alisoma majina uwanjani kama karani anayesoma orodha ya waliofeli, na kila mara aliyekosa jina lake aliokota mfuko wake, akaenda, asirudi. Walikuwa wameshaondoka watatu. Merdi naye akiondoka, hakuna atakayebaki.

— Miye naona shida haiko ku goti ya muntu, Procès-Verbal alianza, akiweka kikombe chini kwa uangalifu wa mtu anayeweka dossier, faili la ofisi. — Shida iko administrative.

— Tulijua! VAR akapiga paja lake. — Kwako papa, hata mvua iko administrative.

— Sikia, mutoto. Coach Laurent alifanya remise-reprise na nani?

Kwa yule ambaye hajabahatika kukaa katika ofisi zetu, remise-reprise ni ile sherehe ambapo mkubwa anayeondoka anamkabidhi anayeingia funguo, viti, muhuri na kalenda ya mwaka uliopita. Wote wawili wanatia sahihi, wanapigwa picha, na kesho yake kiti kimoja hakionekani.

— Alikufwa, papa. Muntu amekufwa, atasigner namna gani?

— Voilà. Hakusigner. Donc équipe, timu yote, ingali mu mikono yake. Ruphin, usinikasirikie, lakini weye unakamata bintu bya muntu bila acte, bila karatasi. Njo maana batoto habakusikie. Bakubwa balisema: asiyekuwepo na lake halipo.

— Asiyekuwepo ni nani? Ruphin akauliza, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu afike. — Coach ao miye?

Procès-Verbal alifikiri kwa haki.

— Bote babili.

Tonnage akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Procès-Verbal hakucheka, alikuwa na ushahidi. Wiki iliyopita ofisi moja ya mpira, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa nayo haijawahi kuandika jina la Tujikaze bila kosa, ilileta barua. Bwana Laurent, kocha, amesimamishwa mechi tatu kwa kumshauri mwamuzi atafute miwani. Adhabu itaanza siku atakayorudi uwanjani. Comité ilijibu kwa cheti cha kifo. Ofisi ikajibu kwamba cheti hakina muhuri wa commune, na kwamba mpaka muhuri upatikane, mhusika atahesabiwa kuwa hakuhudhuria.

— Munaona? alisema Procès-Verbal. — Muntu anakufwaka. Dossier haikufwake.

— Wapi! Tonnage akafuta suruali yake. — Acha makaratasi. Miye nimebeba tani makumi tatu kila safari myaka makumi mbili, nitawaambia. Camion ya mizigo ikipoteza chauffeur wake mu muteremuko, inasimama?

— Hapana.

— Haisimame! Inaenda. Bantu bako pembeni ya barabara banaona, banasema: eeh, iko muzuri, inakimbia kupita siku ile chauffeur alikuwa mu cabine! Banapiga mikono.

— Halafu?

— Halafu kuko mulima.

Minibus ikapita ikaacha vumbi lake juu ya bitumbula. Mama Dorcelle akalipuliza bila kuacha kusikiliza.

— Tujikaze imefika pa mulima, alisema Tonnage kwa sauti ya chini. — Bachauffeur babili balishuka. Convoyeur njo anakamata volant.

Convoyeur ni utingo, na volant ni usukani. Wote wakamwangalia Ruphin, kisha, kwa adabu, wakaangalia vikombe vyao.

— Sikuwe convoyeur, alisema Ruphin. — Nilikuwa entraîneur ya bagardien.

— Njo convoyeur mwenye kuvaa gants za bagardien, ndugu yangu. Haiko matusi. Bila convoyeur nani anaweka jiwe ku pneu?

— Sasa Merdi njo jiwe, alidakia VAR. — Umuweke na kesho, Coach Ruphin. Samaki mukunje angali mubichi.

— Merdi iko na myaka makumi tatu na ine.

— Njo nasema: angali!

Alihisi jina lisilokuwemo katika karatasi yake likiwa zito kuliko yale kumi na moja yaliyokuwemo.

— Mwiye bote hamuna preuve, hamuna ushahidi, VAR aliendelea, akitoa simu yenye kioo kilichopasuka kama ardhi ya kiangazi, kwa kuwa simu ya fundi ndiyo simu ya mwisho kutengenezwa. — Miye niko na image. Turudie image. Vidéo ya maziko. Dakika ya kumi na moja. Muangalie pa shingo ya marehemu.

— Ni cravate, tai tu, alisema Tonnage.

— Cravate gani iko na kamba ya manjano? Ni sifflet! Balimuzika na sifflet ya équipe! Sasa mufikirie: batoto banaanza kukimbia huku juu, kule chini sifflet inalia. Banasimama. Adversaire anapita, but, goli! Mara tatu!

— Na kule chini, nani anapuliza? aliuliza Procès-Verbal.

— Njo maana nasema turudie image.

Ruphin aligeuza uso upande wa barabara. Ile filimbi ni yeye aliyemvalisha marehemu, asubuhi ya maziko. Alidhani hakuna aliyeona. Haikuwa dawa wala siri. Ilikuwa tu kwamba shingo ile bila kamba ya manjano ilionekana kama shingo ya mtu mwingine, na Ruphin hakutaka kumzika mtu mwingine.

— Tena si sifflet peke yake, VAR akashusha sauti, akasogea katikati ya ubao. — Munajua miye nafikiri nini? Deuxième bureau.

Procès-Verbal alikohoa. Tonnage akavuta kiti cha Mama Dorcelle karibu kana kwamba mwenyewe hayupo, naye Mama Dorcelle akasogea na kiti chake.

Jambo hilo Katuba nzima ililijua. Miaka yote ile, siku ya posho, saa nane, Coach Laurent alikuwa akimaliza mazoezi, anaoga kwa maji ya ndoo, anavaa shati jeupe, anaondoka peke yake. Hakusema anakwenda wapi. Alirudi jioni amechoka, haulizwi, hajibu. Mwanamume wa Lubumbashi akivaa shati jeupe bila kuaga, watu hawaulizi. Wanajua kuna nyumba ya pili, yaani deuxième bureau. Hata Ruphin alijua. Alikuwa akibaki nyuma na koni zake, anatikisa kichwa.

Wakati wa kilio, watu walipokaa nje siku tatu kwa mke wa marehemu, wanaume wa ubao walifanya lililo la kibinadamu: waliweka kiti kimoja karibu na ukuta, wasiruhusu mtu akikalie, ili yule mama wa nyumba ya pili akija alie kwa heshima. Walizungumza na mashemeji wa marehemu pasiwe na vurugu. Siku ya pili mjane mwenyewe, Mama Brigitte, alikiangalia kile kiti muda mrefu, akasema tu: "Akuje. Nitamupatia maji." Hakuja mtu. Kiti kilikaa kitupu siku tatu, na mjane akazika mume akiwa na swali lisilokuwa lake.

— Fikirieni, alisema VAR. — Siku ya posho anaenda kule. Kesho yake, siku ya yenga, tunashinda. Anaenda, tunashinda. Sasa haendi tena, tunapoteza. Ule mama njo alikuwa coach!

— Mungu wangu, alisema Mama Dorcelle.

— Kwake njo alikuwa anatengeneza équipe! Sisi tulisifu Laurent bure!

— Iko mama ya wapi? aliuliza Tonnage. — Muntu moja alimuonaka Laurent Makomeno.

— Miye nilimuona Naviundu, kwa macho yangu, alisema Procès-Verbal.

— Na miye hapa hapa Katuba, alisema Mama Dorcelle, — anatoka mu parcelle ya bantu, anapanguza uso na mouchoir.

Wakahesabu kimya kimya.

— Babureau batatu! alisema VAR, kwa heshima kubwa. — Na myaka yake ile! Njo maana moyo ulimuacha.

Walikuwa bado wanacheka, Ruphin peke yake hacheki wala hakatazi, mama mmoja alipovuka barabara akaja moja kwa moja kwenye ubao. Alikuwa mnene, kitenge chake ni cha kutokea, lakini mikono ilikuwa na vumbi la maharage.

— Yambo yenu.

— Yambo, mama.

— Hapa njo bantu ba Tujikaze banakaaka?

— Njo hapa, mama.

— Ninakuja juu ya Coach Laurent.

VAR alimpiga Procès-Verbal kiwiko mbavuni. Procès-Verbal akasimama, akavua kofia, akatafuta sauti ile aliyokuwa akiitumia kwenye ndoa za commune.

— Mama, pole sana. Tulikungojea ku kilio. Kiti yako ilikuwa pale siku zote tatu.

— Kiti gani? Nilifika ku kilio. Nilikaa chini na bamama ba soko.

Mama akawaangalia mmoja mmoja, kama mtu anayechagua gunia.

— Miye ni Mama Katungu. Nauzisha maharagi ya gros, kwa magunia. Miye ni mama ya Merdi.

Ruphin aliinua kichwa. Miaka kumi na moja Merdi alikuwa katika timu yake, na hakuwahi kuuona uso wa mama yake. Pua ilikuwa ileile.

— Sikuje na matata, Mama Katungu aliendelea. — Nakuja kuuliza. Coach Laurent alikuwa anapitaka kwangu, Makomeno, siku ya posho. Haiko kila posho. Ni ile mutoto hatacheza kesho yake. Anapiga hodi, anaomba maji, ananiambia: Mama Merdi, kesho mutoto wako atabaki ku banc, juu ya hii na hii. Kisha anaenda. Miye njo namuambia mutoto, akishakula. Anakasirika mu nyumba, analia kama iko ya kulia, analala. Asubuyi ameisha kukasirika. Anaenda ku terrain kama mwanaume.

Mama Dorcelle akaacha kumimina kahawa.

— Kwa Mama Graciella wa Naviundu, mama ya muchezaji mwingine, vilevile, aliongeza Mama Katungu. — Na kwa ule tata wa Katuba hapa, baba ya gardien wa pili.

Kipa wa pili. Ruphin alikuwa amemfundisha miaka minne yule mtoto, akijisifu moyoni kwamba ni kazi ya mikono yake inayomfanya akae kwenye akiba bila kununa.

— Sasa hii ni posho ya ine, alisema Mama Katungu. — Merdi anarudia, anaweka mufuko chini, ananiangalia miye kama niko na habari. Sina. Tunakaa tu, yeye na miye, hatulale bote babili. Basi nimekuja kuuliza: ile kazi, ni nani anaifanya sasa?

Procès-Verbal alivaa kofia yake, akaivua tena. Tonnage alikuwa akiangalia viatu vyake. VAR alizima simu. Mama Dorcelle akachukua vikombe vyote vinne, na hakuna aliyemwambia kwamba chake kilikuwa bado na kahawa.

— Bwana yangu, alisema Mama Dorcelle hatimaye kwa sauti ndogo, hamwambii yeyote. — Na Mama Brigitte, ni nani atamuambia?

— Nitaenda miye, alisema Procès-Verbal.

Ruphin alikuwa ameshasimama bila kujua. Alijua fundisho la kona, la penalti, la ukuta wa watu watano. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama hatua tatu nyuma ya mtu yule, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ikifanyika mahali asipokuwepo.

— Mama, alisema. — Alikuwa anasema aje?

— Nani?

— Coach. Akifika. Maneno gani?

Mama Katungu alikunja uso, akatafuta.

— Maneno siyakumbuke. Hakujuaka kusema, ule mubaba. Alikuwa anakwamakwama. Nakumbuka alikuwa anakaa. Miye nakasirika, natukana équipe, natukana comité, namutukana yeye. Iko anakaa. Maji imeisha mu glasi, iko anakaa. Mpaka miye nimechoka. Hapo njo anasimama, anasema merci mama.

Kisha akamwangalia Ruphin vizuri, mikono yake, kola yake, macho yake.

— Weye njo uko unabakia na batoto?

— Njo miye.

— Basi Merdi anacheza kesho?

Watu watatu kwenye ubao waligeuka kwa pamoja. Miaka yote ya ubao huo haikuwa imewahi kumkuta kocha akiulizwa mbele yao hivyo, waziwazi, na jibu likiwa mfukoni mwake.

— Mama, alisema Ruphin, — hapa haiko pa kujibia. Twende kwako.

Mama Katungu alielewa. Mabega yake yalishuka kidogo, basi. Akatangulia.

— Coach! VAR aliita, wakiwa wameshavuka barabara, na hakukuwa na mzaha katika neno hilo. — Kesho tutashinda?

Ruphin aliinua mkono bila kugeuka.

Walishuka Makomeno saa kumi. Ua wa parcelle ulikuwa safi, magunia yamepangwa chini ya turubai, na viatu vya mpira vya Merdi vimeanikwa juu ya tofali. Mwenyewe alikuwa ametumwa sokoni. Mama Katungu akaleta kiti, akaleta maji kabla hajaombwa, akaketi mbele yake, mikono magotini. Ruphin akasema. Alisema vibaya. Alianza na goti, akarudi nyuma kwenye msimu uliopita, akapotea, akalitaja goti tena. Mwishoni akasema tu kwamba kesho Merdi atabaki kwenye akiba, na kwamba anamhitaji akae pale, karibu naye, kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa.

Mama Katungu alipangusa vumbi la maharage mikononi. Halafu hasira ikaanza.

— Myaka kumi na moja! alisema. — Myaka kumi na moja mutoto anawapatia miguu yake! Kile kikombe mulibeba mu mji, ni nani alifunga? Comité gani ile, bantu ba kula tu! Na weye, weye ulikuwa wapi? Unachunga bagardien, huone kitu!

— Ndiyo, mama.

— Usiniitikie!

Aliendelea. Alitukana viti vya plastiki, alitukana mwamuzi, alitukana Jérémie aliyejificha Likasi kama deni. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta, akashuka. Jua likaanza kuingia chini ya turubai, likafika kwenye magunia ya kwanza. Ruphin alifikiri juu ya hodi zilizobaki, Naviundu na kwa yule baba wa Katuba, na kwamba giza lingemkuta njiani. Hakusogea.

— Na Laurent! Mama Katungu alisema, na hapo sauti ikamkatika, akashika kona ya kitenge chake. — Na yeye! Muntu wa kupita kila pahali kuambia bantu mbele. Myaka yote ile hakukosa hata mara moja. Sasa siku ya kwenda kabisa, juu ya nini hakupita kutuambia?

Maji yalikuwa yameisha kwenye glasi. Ruphin akabaki amekaa.